Mgonjwa wako anapasuliwa utumbo mpana? Mwongozo kwa sisi wa Mtwara na Lindi tunaolala chini ya kitanda

Mwaka 2021 jarida la Lancet lilitoa utafiti uliofuatilia wagonjwa 15,958 waliofanyiwa upasuaji wa kansa kwenye nchi 82, kansa ya titi, ya tumbo na ya utumbo mpana, na mle ndani kuna kitu kimoja kila mwenye mgonjwa anatakiwa akijue. Kwenye nchi za kipato cha chini wagonjwa wa utumbo mpana walifariki wengi zaidi ndani ya siku 30 baada ya oparesheni kuliko kwenye nchi tajiri, hilo halishangazi, ila matatizo makubwa yenyewe ya baada ya oparesheni hayakupishana sana. Yani mshono wa utumbo unavuja Ulaya na unavuja Afrika, tofauti ni kwamba kule mgonjwa akianza kubadilika anawahiwa na anaokolewa, huku anakuja kushtukiwa tumbo limeshakuwa gumu.

Sasa anayelala na mgonjwa ni nani? Ni wewe. Nesi wa zamu ana vitanda vingi, daktari anapita raundi asubuhi, masaa mengine yote ni wewe na kitenge chako hapo chini. Kwaio haya naandika kwa ajili ya huyo anayebeba hotpoti na kulala kwenye mkeka. Mi sio daktari, nimeuguza tu, na kwa vile kwenye ukoo wetu hii kitu ipo nimejikuta nasoma sana na kuuliza sana mpaka manesi wengine wananikimbia.

Kwanza acheni kuiita kila damu bawasiri

Huku kwetu mtu akiona damu chooni la kwanza ni bawasiri, la pili ni amiba. Anameza flajili wiki, inapoa kidogo, inarudi, anameza tena, alafu kuna mzee Newala ana mizizi yake, alafu kuna mtu kamwambia ajipige bomba, na hapo msimu mmoja wa korosho umeshapita. Kweli bawasiri ipo na amiba ipo, wengi wenye damu chooni hawana kansa, sitaki kumtisha mtu. Ila utafiti wa Bugando kule Mwanza uliochapishwa 2013 ulikuta wagonjwa wengi wa kansa ya utumbo mpana wanafika ugonjwa umeshaenda mbali, na zaidi ya nusu walikuwa chini ya miaka 50, kwaio ile kusema "huyu bado kijana" sio hoja. Hata Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima watu wasio na dalili kutoka 50 mpaka 45 kwa sababu vijana wanaongezeka.

Utaratibu wangu ni huu. Damu chooni, au choo kimebadilika tabia (leo anaharisha kesho kafunga), au anatoka chooni anahisi bado hajamaliza, au anakonda bila sababu, au mwanaume kapimwa damu iko chini na hakuna anayejua inakwenda wapi, ikipita wiki tatu pamoja na dawa alizopewa basi hiyo sio ya kununulia dawa dukani tena. Nenda hospitali na ukifika pale sema wazi: "Daktari, naomba mzee apimwe na kwa kidole huku nyuma." Najua ni aibu, hasa kwa wazee wetu, unaweza kuomba mwanaume apimwe na mwanaume na mama apimwe na mwanamke, hakuna atakayekasirika. Uvimbe mwingi ulio karibu na njia ya haja unaguswa kwa kidole, kipimo cha dakika moja na glovu moja, na nimeona watu wanapigwa ultrasound mara tatu nne hicho hakijafanyika.

Na kama hajapata choo kabisa, hata upepo hautoki, tumbo limejaa na anatapika, hapo usisubiri kuche. Utumbo umeziba au umejisokota. Oparesheni ya dharura siku zote matokeo yake ni mabaya kuliko ile iliyopangwa, ndo maana tunakimbizana na mapema.

Vipimo, rufaa na kikao cha ukoo

Kinachothibitisha ni kolonoskopi, ule mpira wenye kamera, na kinyama kinachokatwa kupelekwa maabara. Kabla ya kolonoskopi atapewa dawa ya kuharisha asafishe tumbo, anywe maji mengi, na asile vyenye mbegu na nyuzi nyuzi siku mbili kabla, maana utumbo ukiwa mchafu daktari haoni kitu na mnarudia upya kwa hela yenu. Kinyama kikisema ni kansa, wanataka CT scan ya kifua na tumbo waone kama imefika ini au mapafu. Hii ni muhimu kwasababu matokeo yanategemea sana hapo. Kwa takwimu za Marekani, wanaokutwa ugonjwa bado uko ndani ya utumbo kama 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka mitano, ikishafika ini na mapafu wanabaki kama mmoja na kidogo kati ya 10.

Ngazi za rufaa mnazijua, zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa yani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, kisha kanda, na sasa tuna ya kwetu pale Mitengo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, alafu Muhimbili na Ocean Road, ile hospitali ya kansa pale Dar. Wa upande wa Masasi wengi wanapitia Ndanda, wengine wa Lindi wanapitia Nyangao. Kabla ya kusafirisha mgonjwa piga simu uulize mashine inafanya kazi na daktari wa upasuaji yupo lini. Beba karatasi ya kinyama, CD ya CT scan (sio karatasi ya majibu peke yake), kadi ya bima na barua ya rufaa, vyote kwenye bahasha moja, na piga picha kila karatasi kwenye simu.

Uvimbe ukiwa chini kabisa, karibu na njia ya haja, usishangae wakisema aanze mionzi na kemo (dawa za kuua kansa) Ocean Road kabla ya kisu. Watu wanadhani wanazungushwa, hapana, ndo tiba yenyewe, inapunguza uvimbe na inapunguza kurudi. Kuna wagonjwa uvimbe unapotea wote kwa mionzi na madaktari wanaamua kumfuatilia kwa karibu bila kupasua, hilo lilianzia Brazil kwa daktari Angelita Habr-Gama, matokeo yake ya 2004 yalibishiwa sana na leo hospitali nyingi kubwa wanafanya. Na ile klipu inayozunguka wasap ya dawa iliyofuta kansa kwa kila mgonjwa, ni kweli ilitokea, New York, 2022, wagonjwa 12 wa kwanza, dawa inaitwa dostarlimab, lakini ni kwa aina moja ya uvimbe wenye hitilafu fulani ya kurekebisha jeni, ambao ni wachache sana kwenye kansa ya sehemu hiyo. Kwaio usiache mionzi ukisubiri sindano ya wasap.

Sasa kikao. Kwetu mjomba lazima aitwe, na mjomba yuko Tandahimba ana shamba, na shangazi anataka kwanza watu waende kwa mtaalamu mwingine wa kienyeji. Mimi nasema mjomba apigiwe simu siku ile ile kinyama kimetoka, apewe heshima yake, lakini anayesaini fomu ya oparesheni ni mgonjwa mwenyewe kama ana akili zake timamu. Na hii ya "tusubiri korosho ziende mnadani" naielewa, hela ndo iko pale, ila uvimbe hausubiri AMCOS. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini muulize msamaha au kulipa kidogo kidogo, wengi hawajui hata kama ofisi hiyo ipo.

Wiki za kusubiri kisu, usimlaze mgonjwa

Ukipangiwa oparesheni baada ya wiki tatu nne, hizo ni wiki za kazi. Utafiti ulioongozwa kutoka Uholanzi, ukatoka 2023, ulichukua wagonjwa 251 wa utumbo mpana, nusu wakaandaliwa wiki nne kabla ya kisu kwa mazoezi, chakula chenye protini, kuongea nao wasiwasi ushuke na kuachishwa sigara. Matatizo makubwa baada ya oparesheni yalikuwa asilimia 17.1 kwa walioandaliwa na 29.7 kwa wale wengine. Hiyo ni tofauti kubwa na hakuna dawa ya bei mbaya mle ndani.

Kwa mazingira yetu maana yake atembee kila siku mpaka apumue kwa nguvu kidogo, akae kwenye kiti na kuinuka mara kumi bila kushika, apumzike, arudie. Chakula, hapa nitasema ukweli, ugali wa muhogo na mboga peke yake haumjengi mtu anayeenda kukatwa. Samaki tunao, dagaa wapo, mayai, kunde, mbaazi, maziwa kama yapo, weka kimojawapo kila mlo, na ming'oko ale kama anavyopenda ila isiwe ndo mlo mzima. Kama damu iko chini aulizie madini ya chuma mapema, maana kuongezewa damu dakika za mwisho ni mtihani wa kutafuta watu wa kuchangia. Sigara aache, uraka na gongo aache, wiki nne kabla ndo vizuri, na kama ni mnywaji wa kila siku mwambie daktari ukweli, sio umfiche, maana akikatishwa ghafla wodini anaweza akaweweseka na watu wakadhani ni kichaa au mapepo.

Kama ana sukari au presha dawa zake zote zibebwe, na hata za mizizi zitajwe.

Siku moja kabla

Aoge na sabuni. Usimnyoe tumbo kwa wembe nyumbani, Shirika la Afya Duniani lilishasema 2016 kwamba wembe unaacha michubuko inayoalika wadudu, nywele zikisumbua wanapunguza na mashine palepale hospitali. Kuna sehemu wanatoa dawa ya kusafisha utumbo pamoja na antibaotiki za kumeza siku moja kabla, hiyo inapunguza usaha kwenye kidonda, kama hujaona wametoa uliza tu kwa adabu.

Habari ya kufunga kula, wengi wanamkausha mgonjwa toka saa moja jioni mpaka kesho yake saa nane mchana. Taratibu za nusu kaputi za sasa kwa mgonjwa wa kawaida zinaruhusu maji meupe au chai ya rangi isiyo na maziwa mpaka masaa mawili kabla, chakula kigumu ndo masaa sita. Muulize wa nusu kaputi, yeye ndo mwenye neno, kwasababu kama utumbo umeziba au ana sukari mambo yanabadilika.

Kuhusu usaha. Utafiti wa 2018 wa wagonjwa 12,539 wa upasuaji wa tumbo na utumbo ulikuta kidonda kinaingia wadudu kwa asilimia 9.4 nchi zilizoendelea na 23.2 nchi zilizo chini. Alafu 2022 ukaja mwingine mtamu, wagonjwa 13,301, hospitali za Ghana, Nigeria, Rwanda, Benin, Afrika Kusini, India na Mexico, wakafanya kitu kidogo tu: kabla ya kufunga tumbo timu inabadilisha glovu na vifaa, wanavaa na kushika vipya. Ikashuka kutoka asilimia 18.9 mpaka 16.0. Wewe huwezi kumpangia daktari kazi, ila ile listi ya vitu vya kununua mnayopewa, ongeza pea kadhaa za glovu za upasuaji alafu sema "daktari, nimeongeza kama mtahitaji kubadilisha kabla ya kushona". Atakuelewa.

Na muulize haya matatu uandike majibu: utumbo utaunganishwa hapo hapo au atatoka na mfuko wa choo tumboni, mfuko ukiwepo ni wa muda au wa maisha, na kipande kitakachotolewa kitapelekwa maabara gani nani anakifuatilia. Hilo la tatu linasahaulika sana na bila majibu hayo kemo haijulikani kama inahitajika.

Wodini, hapa ndo kazi yako

Zamani mgonjwa wa utumbo alikaa na mpira puani na dripu siku tano, asile mpaka ajambe. Daktari Henrik Kehlet wa Denmark kuanzia miaka ya 1990 akaanza kuonyesha kwamba kumlisha mapema, kumwamsha mapema na kutuliza maumivu vizuri kunamrudisha mtu nyumbani haraka bila kuongeza madhara, na leo ndo mfumo wa hospitali nyingi duniani. Kila asubuhi uliza "leo anaruhusiwa nini?" Wakisema maji, mpe kidogo kidogo, wakisema uji mpe mwepesi. Bigijii ya kutafuna mara tatu kwa siku inasaidia utumbo kuamka, na kahawa pia imepimwa kwa wagonjwa wa utumbo na ikawahisha choo, kahawa ya kawaida hii hii, kama daktari hajakataza vya kunywa.

Aamke. Siku ya kwanza akae kwenye kiti, na kama anaweza ajikongoje hatua chache, siku ya pili atembee koridoni mkishikana. Ndugu watakuja na lile la "mwache apumzike mshono usifumuke", wajibu kwa upole ila endelea. Akikohoa ashike mto tumboni. Avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho, achezeshe nyayo juu chini, damu isigande miguuni. Dawa ya maumivu aombe kabla hayajapanda, mwenye maumivu hatembei na hapumui vizuri.

Sasa sikiliza. Mshono wa ndani ukivuja mara nyingi ni kati ya siku ya tatu na ya kumi, yani wakati watu wameshaanza kushukuru Mungu na wengine wamesharudi Mtwara kazini. Nunua daftari. Asubuhi, mchana, jioni na usiku wa manane andika mapigo (shika mkono, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu), pumzi kwa dakika, joto, mkojo umetoka kiasi gani na una rangi gani, na tumbo likoje. Unachotafuta ni mabadiliko. Mapigo yamepita 100 akiwa ametulia na hayashuki, pumzi zimepita 20, joto 38 kwenda juu, tumbo linajaa na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, anatapika upya, mkojo umepungua, au anaongea vitu visivyoeleweka. Hiyo ya mwisho watu wanaipuuza mno, "mzee amechoka", kumbe ni wadudu wameingia kwenye damu. Na mapigo mara nyingi yanapanda kabla hata ya homa, kwaio kama una muda wa kupima kitu kimoja tu, pima mapigo.

Ukienda kwa nesi usiseme "mgonjwa hayuko sawa", mpe namba. "Sista, shikamoo, samahani kwa usumbufu. Mapigo ya baba asubuhi yalikuwa 88, sasa hivi 124, anapumua mara 28, tumbo limejaa. Leo siku ya tano. Naomba daktari wa zamu amuone." Namba zinafanya kazi ambayo kulalamika hakufanyi. Ikipita nusu saa kimya rudi, omba kuongea na kiongozi wa wodi, sauti chini, daftari mkononi. Pia siku ya tatu au ya nne unaweza kuuliza kama wanapima CRP, ni kipimo cha damu, ikiwa chini inatia moyo kwamba hakuna kinachovuja, ikiwa juu sana wanaangalia kwa CT.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikimkata ghafla, hiyo ni damu imeganda, ita mtu hapo hapo usiandike kwanza.

Safari ya kurudi na mfuko wa choo

Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, sio safari ya mtu aliyetoka wodini jana. Mkipewa ruhusa kaeni kwa ndugu mjini siku kadhaa, na siku ya safari akae siti ya pembeni ashuke kila basi likisimama, anywe maji. Na mkipanga kliniki za kurudi wakati wa masika acheni nafasi, wote tunakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara kule Somanga.

Mwenye mfuko, ile nyama inayotokeza tumboni inatakiwa iwe nyekundu na yenye unyevu, haina maumivu ukiigusa, ikiwa nyeusi au bluu rudi hospitali leo. Kata tundu la mfuko lizidi nyama kwa milimita mbili tatu tu, likiwa kubwa choo kinaunguza ngozi, na hicho kidonda cha ngozi ndo kinachowakatisha watu tamaa kuliko mfuko wenyewe. Safisha kwa maji ya kawaida, kausha, usipake mafuta maana hautashika, mwaga ukifika theluthi. Ngozi ya huku na joto letu inatoka jasho, kwaio badilisha asubuhi kabla jua halijapanda.

Kama tundu ni la utumbo mwembamba (choo kinatoka majimaji) kazi ni maji na chumvi. Ikitoka zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, au midomo inakauka na mkojo unapungua, anza ORS na nenda hospitali, figo zinaharibika haraka. Wiki sita za kwanza aache nyuzi nyuzi na vigumu, nanasi, mabibo, nazi, mahindi ya kuchoma, na korosho jamani najua ila asubiri, na akija kula atafune mpaka iwe unga, zinaweza kuziba tundu.

Wazee wengi wanauliza swala. Shehe atakuelezeni vizuri, ila mwenye udhuru wa kutokwa na kitu bila kujizuia ana ruhusa yake, anatawadha kila wakati wa swala ukiingia na anaswali. Nimeona mzee kaacha msikiti mwaka mzima kwasababu hakuna aliyemwambia hivyo.

Majibu ya kinyama na kemo

Majibu yakitoka angalia matezi mangapi yamepimwa, wanataka angalau 12, na mangapi yana kansa. Matezi yakiwa nayo ni hatua ya tatu na kwa kawaida kemo inafuata, na inatakiwa ianze ndani ya wiki nane baada ya oparesheni, kwaio majibu ya kinyama yakikaa mwezi na nusu maabara wewe ndo wa kupiga simu.

Kuna swali la kuuliza pale linaloweza kuwaokolea miezi ya nauli na kulala kwa watu. Mwaka 2018 tafiti sita ziliunganishwa, zaidi ya wagonjwa 12,000 wa hatua ya tatu, kulinganisha kemo ya miezi mitatu na ya miezi sita. Kwa wenye hatari ndogo, matezi machache na uvimbe haujatoboa ukuta wa nje, wakitumia oksaliplatini na vidonge vya kapesitabini, miezi mitatu ilitosha karibu sawa na sita, na ganzi ya mikono na miguu ilikuwa kidogo zaidi. Uliza "daktari, mgonjwa wetu anaingia kwenye kundi la miezi mitatu?" Akisema hapana, ni hapana, wengine wanahitaji sita kweli. Akiwa kwenye oksaliplatini asishike vya friji na asinywe maji ya barafu siku za mwanzo, koo linakaba.

Baada ya kemo, miguu

Hii ndo ninayoipenda. Juni 2025 ilitoka ripoti ya utafiti wa wagonjwa 889 wa kansa ya utumbo mpana, wengi wa Canada na Australia, waliomaliza oparesheni na kemo. Nusu wakapewa kijitabu cha afya, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka mitatu. Baada ya miaka minane waliokuwa hai ni asilimia 90.3 kwa wa mazoezi na 83.2 kwa wa kijitabu. Kuna dawa za mamilioni hazifiki hapo. Na zoezi lenyewe ni kama kutembea haraka dakika 45 mpaka saa moja, mara tatu nne kwa wiki, juu ya yale uliyokuwa unafanya. Angalia tena, waliopewa kijitabu peke yake hawakupata faida hiyo, kwaio usimwambie mgonjwa "fanya mazoezi baba" ukaondoka. Mteue mjukuu. Shangani asubuhi ufukweni, au barabara ya Mikindani jioni jua likishuka, wa Newala mna milima yenu ambayo ni jimu tosha, na anayelima aendelee kulima ila zile siku za kutembea zibaki.

Aspirini nayo ina habari yake. Septemba 2025 watafiti wa Sweden na majirani zao wa Nordic walitoa matokeo ya wagonjwa 626, miligramu 160 kila siku kwa miaka mitatu baada ya oparesheni, na kurudi kwa kansa kukapungua karibu nusu. Lakini ni kwa wale tu ambao uvimbe wao ulikutwa na hitilafu kwenye jeni ya PIK3CA na zinazofanana nayo, kama 37 kwenye kila 100. Bila hicho kipimo unamtoboa mtu vidonda vya tumbo bure, kwaio usimnunulie dukani, muulize daktari wa kansa.

Ufuatiliaji ni kipimo cha damu cha CEA (kinasaidia kuona kama kansa inarudi) kila miezi mitatu mpaka sita miaka miwili mitatu ya kwanza, CT ya kila mwaka, na kolonoskopi baada ya mwaka mmoja. Tarehe ziandikwe ukutani, mtu akipona hasikii tena habari ya kliniki.

Ndugu wa damu

Mzazi, kaka, dada au mtoto wa mgonjwa anatakiwa apime kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliokutwa nao mgonjwa, kinachotangulia. Baba alikutwa na 46 basi watoto ni 36, sio 40. Kama kwenye ukoo kuna wawili watatu wa utumbo, au na kansa ya mji wa mimba ndani yake, mwambie daktari hivyo hivyo, kuna aina ya kurithi inayotaka kuanza mapema zaidi. Siku mnayokutana kwa ajili ya mgonjwa, chukua lile daftari la mapigo, ukurasa wa nyuma andika majina, umri na namba za simu, upande wa mama na upande wa baba, na msiwaruke wale walioko ng'ambo ya Ruvuma, Palma na Mueda, nao ni damu hiyo hiyo na huwa hakuna anayewapigia.